Jinsi ya kusoma barua za daktari wa karne ya 18: pumu, maji mwilini na matone 250 ya skwili

Mwongozo huu ni wa anayetafsiri, anayefundisha historia ya tiba, au mwanafunzi wa famasia aliyeangukiwa na barua ya kale ambamo daktari anamtibu mzee aliye mbali naye. Si mwongozo wa kujitibu. Dawa kadhaa zilizotajwa humu ni sumu, na kipimo kinachotibu kimekaa karibu mno na kinachoua.

Mfano wetu ni mmoja tu. Samuel Johnson, mtunga kamusi wa London, alizaliwa Septemba 1709 na kufariki tarehe 13 Desemba 1784. Mwaka wake wa mwisho alitibiwa na William Heberden na Richard Brocklesby. Alipokwenda kukaa Ashbourne, Derbyshire, kuanzia Julai 1784, matibabu yaliendelea kwa posta: yeye akiandika hali yake, Brocklesby akijibu kutoka London. Miezi michache kabla ya hapo rafiki yake James Boswell alikuwa amekusanya ushauri wa madaktari wa Edinburgh kwa njia hiyo hiyo, akiwemo William Cullen. Kwa anayefanya kazi na barua za kale, hii ni hazina, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa mtu wa kupima maneno na namba.

Jua kwanza umeshika nini

Kabla ya kusoma neno la kwanza, amua kama ulichonacho ni barua halisi, nakala ya ofisini kwa daktari, au sehemu ya barua iliyochapwa kitabuni. Kila kimoja kina ugonjwa wake.

Cullen alihifadhi nakala za barua alizowatumia wagonjwa, na miaka ya 1780 alitumia mashine ya kunakili ya James Watt, iliyopata hataza mwaka 1780. Karatasi nyembamba yenye unyevu iligandamizwa juu ya barua ambayo wino wake haujakauka sawasawa, ikanyonya sehemu ya wino. Maandishi yalitokea yamegeuka, ndiyo maana karatasi ilikuwa nyembamba: unasoma kwa upande wa nyuma. Kinachoharibika ni kingo za ukurasa na alama ndogo, yaani nukta, vijistari na alama za vipimo. Kwa hiyo kwenye nakala ya aina hii neno linaweza kusomeka vizuri huku namba iliyo mbele yake imefifia. Namba isiyosomeka iache wazi, weka mabano na nukta tatu. Usiikisie kwa kuangalia vitabu vya dawa, maana utakuwa umeandika kile ambacho daktari alipaswa kusema badala ya alichosema.

Barua za Johnson kwa Brocklesby wengi tunazisoma kama Boswell alivyozichapa mwaka 1791, katika kitabu chake cha maisha ya Johnson. Ndani yake kuna safu za nyota, nazo maana yake ni kwamba kuna kitu kimekatwa. Barua ya 16 Agosti, kwa mfano, ina mkato kama huo, na sentensi inayofuata inaanza kueleza lengo la tiba ambayo haikutajwa popote. Ukiunganisha pande mbili za nyota kana kwamba ni aya moja, umetunga dawa mpya. Kumbuka pia kwamba hapa tunasikia upande wa mgonjwa tu. Maagizo ya daktari tunayapata kwa mwangwi, kupitia majibu.

Panga tarehe kabla ya kupanga ugonjwa

Chora jedwali la safu tatu: tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kupokelewa kama ipo, na hali ya mgonjwa siku hiyo. Barua zilipishana njiani. Tarehe 2 Machi 1784 Johnson anamwambia Boswell kwamba mara tu baada ya kutuma barua yake iliyotangulia ndipo alipopokea kifurushi cha ushauri wa madaktari. Asiyeweka jedwali ataisoma ile barua ya kwanza kama jibu la kifurushi, kumbe hakijafika. Mwaka huo huo, tarehe 2 Agosti, ndipo gari la kwanza la farasi la kubeba barua kwa ratiba lilipoanza kati ya Bristol na London. Njia nyingine zilikuwa bado mikononi mwa wapanda farasi wa posta.

Gharama ya posta ililipwa kwa kawaida na mpokeaji, kwa umbali na idadi ya karatasi. Ndiyo sababu watu walibana maandishi, wakaandika pembeni, na wakafupisha. Jambo lililowekwa mwishoni au pembeni si lazima liwe dogo.

Hesabu za siku zihakiki mwenyewe. Johnson anasema alifungiwa ndani tangu 13 Desemba 1783, na tarehe 21 Aprili 1784 anashukuru kutoka baada ya siku 129. Hesabu siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili, bila kuzitia zenyewe: 129 kamili. Ukipata 128, umesahau kwamba Februari ya 1784 ilikuwa na siku 29. Mzee alihesabu sawasawa, na hilo linakupa imani na namba zake nyingine. Kwa barua za Uingereza za kabla ya 1752 kuna mtego zaidi: kalenda ilikuwa nyuma kwa siku 11, na mwaka wa kiserikali ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1740 inaweza kuwa 1741 yetu.

Majina ya maradhi ndiyo yanayopoteza wengi

Johnson anasema ana pumu. Mkono wako utataka kuandika pumu na kuendelea. Ngoja. Katika lugha ya 1784 neno hilo lilifunika karibu kila kubanwa na pumzi kunakokuja kwa vipindi, iwe chanzo ni mirija ya mapafu, mapafu yaliyolegea kwa uzee, au moyo uliochoka kusukuma damu. Johnson mwenyewe alilishtukia. Akiwa Ashbourne alisoma kitabu cha Sir John Floyer, daktari wa Lichfield aliyeugua pumu maisha yake yote na bado akafika uzeeni kabisa, na akamwandikia Brocklesby kwamba pumu ya Floyer haikuonekana kuwa ya aina moja na yake. Mgonjwa wa karne ya 18 amekuwa mwangalifu kuliko watafsiri wengi wa leo.

Ugonjwa wake wa pili ulikuwa maji kujaa mwilini. Hapa Kiswahili kina shimo lake. Biblia ya Union, Luka 14:2, inamtaja mtu mwenye safura, na hapo safura ni kuvimba maji. Leo hospitalini na shuleni safura ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni. Ukiandika kwamba Johnson alikuwa na safura, msomaji wa Kibaha au Kisumu atafikiria minyoo na kutembea peku. Andika “uvimbe wa maji” au “maji kujaa mwilini”, na ueleze mara moja mwanzoni kwamba ni jina la dalili. Moyo, figo na ini vyote vinaweza kuileta.

Jongo lina shida ndogo zaidi, ila likitajwa kuwa “limepanda tumboni” au “linatangatanga”, usidhani ni kiungo kilichovimba. Ni nadharia ya wakati ule kwamba ugonjwa unahama. Tafsiri kama lilivyo.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: orodhesha alama za mwili, jina la ugonjwa liweke safu ya pembeni. Kwa Johnson orodha inakuwa: kubanwa na pumzi kunakozidi baridi ikija, kushindwa kutembea bila kupumzika, maji yanayopanda, usiku bila usingizi, hamu ya kula ipo, hata matunda mabichi ya msimu anayafukuzia. Orodha hiyo daktari wa leo anaweza kuisoma. Jina peke yake hawezi.

Vipimo

Waingereza wa wakati ule walipima dawa kwa mizani ya wauza dawa, ambayo si ile ya sokoni. Nakili hii uibandike mbele ya meza:

greni 1 = miligramu 64.8
skrupuli 1 (℈) = greni 20 = gramu 1.3
drakma 1 (ʒ) = skrupuli 3 = greni 60 = gramu 3.89
aunsi 1 (℥) = drakma 8 = greni 480 = gramu 31.1
ratili 1 ya dawa = aunsi 12 = gramu 373

Ratili ya sokoni ilikuwa na aunsi 16 nyepesi kidogo, gramu 454. Aliyekulia karibu na duka la rejareja la zamani atasoma ratili na kufikiria hiyo ya pili. Kwenye dawa ni makosa.

Alama ʒ na ℥ zinatofautiana kwa kijipembe kimoja juu, na kukosea kunazidisha kipimo mara 8. Namba ni za Kirumi kwa herufi ndogo, na ya mwisho huandikwa j ili mtu asiongeze kijiti: iij ni 3, xij ni 12. “ss” ni nusu. “aa” ni kila kimoja kwa kiasi hicho hicho. “q.s.” ni kiasi kitakachotosha. “h.s.” ni wakati wa kulala. “M. ft. pil.” ni changanya utengeneze vidonge. “S.” inatangulia maelekezo ya mgonjwa. “℞” mwanzoni ni chukua.

Chukua mfano huu wa kufundishia, uliotungwa kwa mtindo wa wakati ule:

℞ Pulv. Scillae gr. xij
Pulv. Zingib. ʒss
Mucilag. q.s.
M. ft. pil. xij. S. j mane et h.s.

Yaani unga wa skwili (kitunguu cha dawa tutakachokieleza mbele) greni 12, unga wa tangawizi nusu drakma (greni 30), utelezi wa gundi wa kutosha kuushikanisha. Tengeneza vidonge 12, kimoja asubuhi na kimoja wakati wa kulala. Gawanya: kila kidonge kina skwili greni 1, yaani miligramu 65, na tangawizi greni 2 na nusu, miligramu 162. Kwa siku mgonjwa anameza skwili miligramu 130. Sasa jaribu kukosea. Soma ile ʒ kama ℥: tangawizi inakuwa greni 240, na kila kidonge kinapita gramu 1.3 bila kuhesabu utelezi. Hicho ni gololi, na mzee hawezi kukimeza. Kila mara maliza hesabu kwa kujiuliza kama kitu ulichokipata kingeweza kuingia kinywani, kikombeni au kwenye chupa. Makosa mengi ya alama yanakamatwa hapo.

Vimiminika ni vibaya zaidi. Februari 1784 Johnson alitokwa ghafla na mkojo wa painti 20, uvimbe ukashuka. Painti gani? Ile ya mvinyo, ambayo wauza dawa waliitumia, ilikuwa mililita 473, jumla lita 9.5. Ile ya bia ilikuwa mililita 578, jumla lita 11.6. Barua haisemi. Andika “painti 20 (lita 9.5 hadi 11.6)”. Usitumie painti ya Uingereza ya leo, mililita 568, kwa sababu ilianzishwa na sheria ya miaka ya 1820.

Tone ndilo bovu kuliko yote. Katika barua ile ya 16 Agosti, Johnson anaripoti kwamba skwili hajaipuuza: anakunywa zaidi ya matone 100 kwa siku, na siku moja alikunywa 250, ambayo kwa kanuni ya mitaani ya tone moja kwa greni moja inapita nusu aunsi. Hakiki: nusu aunsi ni greni 240. Yuko sahihi, kwa kanuni hiyo. Ila tone la dawa ya majimaji kwa kawaida ni kama mililita 0.05, kwa hiyo matone 250 ni kama mililita 12.5, wakati greni 250 ni gramu 16.2. Tofauti ni kama robo. Tone hutegemea mdomo wa chupa, joto, na kama dawa imelowekwa kwenye siki au kileo. Tone la kileo ni dogo kuliko la maji. Johnson alilijua hilo, ndiyo maana akasema “kanuni ya mitaani”. Mtafsiri anayeondoa maneno hayo na kuandika “gramu 16 za skwili” amekosea mara mbili, kwa sababu pia amefanya maji ya dawa yawe kitunguu kikavu.

Skwili yenyewe ni nini

Ni kitunguu kikubwa cha pwani za Mediterania, Drimia maritima. Kilitolewa kama unga, siki au tinkcha (dawa iliyolowekwa kwenye kileo), kulegeza makohozi na kukojoza maji. Machi Johnson aliandika kwamba unga ulimwumiza tumbo hadi ukaachwa, akahamia siki ya skwili. Zingatia hilo unaposoma: mabadiliko kutoka unga kwenda siki si jambo la ladha. Ndani ya skwili kuna kemikali zinazosukuma moyo, za jamii moja na zile za foksiglavu, mmea ambao William Withering wa Birmingham alitoa kitabu chake juu yake mwaka 1785, mwaka mmoja baada ya Johnson kufariki. Kichefuchefu ni onyo la kwanza kwamba kipimo kinazidi. Mgonjwa anapolalamika tumbo, andika tarehe na kipimo cha siku hiyo sambamba. Mara nyingi ndiyo habari muhimu kuliko zote ukurasani.

Kwa dawa nyingine, tafuta kwanza kama Kiswahili hakijawa nalo jina tayari. Majani ya senna ni sanamaki, utomvu mkavu wa aloe ni shubiri, zebaki ni zebaki, opiamu ni afyuni. Gundi ya amoniako ni utomvu wa mmea wa Uajemi ulio jamaa wa mvuje. Ukimwambia msomaji hivyo, ameshaisikia puani.

Kupekua agizo lenye viungo vingi

Tarehe 19 Agosti Johnson anakataa agizo la aina alizokuwa akitunga marehemu Dakta Robert James. Anasema lina jumla ya greni kama 330, ndani yake tartari ya kutapisha greni 4 na matone 6 ya tinkcha ya afyuni, na msingi wake ni gundi ya amoniako ambayo hajawahi kuona faida yake. Anayeandika hivi, anasema, anaandika kwa kujionyesha. Kisha anapendekeza waiache na wabaki na skwili.

Fanya hesabu kabla ya kumwunga mkono. Greni 330 ni gramu 21.4. Tartari ya kutapisha, yaani chumvi ya antimoni, ni greni 4, miligramu 259, kama asilimia 1.2 ya mchanganyiko. Kwa macho ni kidogo. Lakini greni 4 zikimezwa kwa mpigo ni za kumtapisha mtu vibaya, na kwa mzee dhaifu ni hatari. Ili ujue kama agizo lilikuwa la hovyo au la kuua, unahitaji kujua mchanganyiko uligawanywa mara ngapi, na hilo barua haituambii. Likigawanywa mara 32, kila dozi ina kama miligramu 8 za tartari. Kwa hiyo unapoandika maelezo, taja asilimia na uzito, sema mgawanyo haupo, na usimpe ushindi Johnson wala James.

Usiruke yasiyo dawa

Daktari wa posta hakuweza kupapasa tumbo wala kushika mshipa, kwa hiyo nusu ya ushauri wake ilikuwa juu ya hewa, chakula, kulala, safari na nguo. Cullen, kwenye mafunzo yake ya tiba, aliona kwamba shambulio la jongo ni afadhali liachiwe subira na flana tu. Sentensi kama hizo zinaonekana za heshima na porojo, na watafsiri huzikata. Zitafsiri zote: mara nyingi ndizo mgonjwa alizozifuata, chupa ikiwa imebaki mezani.

Kuhusu kusema ugonjwa ulikuwa nini hasa, subiri ushahidi ulio nje ya barua. Kwa Johnson upo. Maiti ilipasuliwa. Mapafu hayakusinyaa hewa ilipoingia kifuani kama inavyotarajiwa. Yalibaki yamefura, yamepoteza uwezo wa kujikunja. Moyo ulikuwa mkubwa mno, figo moja imeharibika, na kwenye nyongo palikuwa na jiwe kama yai la njiwa. Weka hayo kwenye tanbihi yenye tarehe yake, Desemba 1784. Ndani ya barua za Agosti acha neno lake libaki “pumu”, katika alama za kunukuu.